Betri Nzuri za Paskalia

Newala ilikuwa na mpiga picha mmoja tu wa maana, naye alikuwa mwanamke, na aliwadharau karibu wote waliokaa mbele ya kamera yake. Hiyo ilikuwa miaka ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na ng'ambo ya Mto Ruvuma Wareno walikuwa bado wanapigana na wapigania uhuru. Jina lake Paskalia. Watu walimwita Mama Isabela, kwa jina la binti yake aliyeolewa mbali, kwa heshima na kwa woga kidogo, maana ulimi wake ulichoma kuliko pilipili kichaa. Lakini mtu angefanyaje? Ukitaka picha ya kitambulisho au ya harusi, kama si kwa Paskalia basi ni Masasi, na gari la Masasi lilikuwa la kubahatisha.

Alizaliwa Lulindi katika familia ya Kianglikana, ya watu waliobatizwa zamani na kujiona kwa hilo. Ujana wake aliumalizia hospitali ya misheni, akifua mashuka na kuchemsha sindano. Aliolewa na mwalimu ambaye baadaye alihamishiwa Songea na hakuonekana tena, wala Paskalia hakuhangaika kumuulizia. Alisema mwalimu yule hata kwenye picha ya harusi alifumba macho, kwa hiyo hakushangaa kwamba hakuona alichokuwa nacho.

Kamera aliachiwa na Sista Monica, muuguzi Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao kustaafu. Haikuwa kamera ya sanduku kama zile zilizokuwa zikitembezwa minadani. Hii ukitazama kwenye tundu lake uliona sindano nyembamba ndani, mwanga ukizidi inapanda, mwanga ukipungua inashuka, na kwa kuitazama hiyo ulijua ufungue lenzi kiasi gani. Sindano iliendeshwa na betri ndogo ya mviringo, nene kidogo, kama kifungo cha koti. Sista Monica alimwachia pia kopo la kahawa lenye akiba ya betri hizo, na somo moja ambalo Paskalia alilishika kuliko katekisimu.

Somo lenyewe ni hili. Betri ile ni ya zebaki, nayo ina nguvu yake maalumu, ndogo kuliko ya betri nyingi. Haipungui kidogo kidogo kama betri za tochi. Inakaa na nguvu ile ile mpaka siku yake ya kufa, halafu inakufa mara moja. Kamera imetengenezwa kuiamini hiyo tu. Ukiweka betri nyingine yenye umbo lile lile lakini nguvu zaidi, sindano itapanda kupita kiasi, utadhani mwanga ni mwingi kumbe si mwingi, utabana lenzi, na picha itatoka nyeusi. Ukifika hapo hakuna dawa. Kisichoingia kwenye filamu hakiwezi kutafutwa baadaye.

Somo hilo lilimpandisha kichwa. Tangu siku hiyo Paskalia aligawa wanadamu mafungu mawili, wanaojua betri na wasiojua, na katika fungu la kwanza alikuwamo yeye peke yake, kwa kuwa Sista alikuwa ameshapanda meli.

Basi ungemwona kazini. Aliwahi kuja Bwana January, afisa mmoja wa serikali, mtu wa Tukuyu, mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu mfukoni. Alitaka picha ya kupeleka makao makuu, akilima na wanakijiji. Akashika jembe. Paskalia akatazama kwenye tundu, akaishusha kamera.

"Bwana January, hilo jembe umeligeuza."

Bwana January akaligeuza.

"Sasa umeligeuza kwa wenzako. Utamkata mtu mguu. Liweke chini tu, ushike kalamu. Kalamu umeizoea."

Wanakijiji walicheka hadi wakakaa chini, na afisa akapigwa picha ameshika kalamu katikati ya shamba la mihogo. Alichukia, lakini mwezi uliofuata alikuja tena, kwa sababu picha ilikuwa nzuri mno. Kila mkunjo wa shati ulionekana. Hilo ndilo lililowatesa watu wa Newala: mwanamke yule alikuwa na kiburi, na alikuwa na sababu.

Aliyechukiwa zaidi na Paskalia ni Dadi, mwenye duka karibu na soko. Dadi aliuza kila kitu na hakujua kitu hata kimoja. Betri za redio alizijaribu kwa kuzilamba. Ukiona anatikisa kichwa, ujue ni nzima. Siku moja alirudi Mtwara na shehena ya betri ndogo za mviringo, akamwita Paskalia kwa furaha.

"Mama Isabela, nimekuletea zako. Umbo lile lile, na mpya kabisa."

Paskalia alikuwa anawahi gari. Akazinunua zote bila kuzigeuza. Kufika nyumbani akazigeuza, akasoma nguvu iliyoandikwa, akarudi dukani siku ya mnada makusudi.

"Dadi, hizi ni betri za mashine gani?"

"Mama, betri ni betri."

"Na mchele ni mchele, na mchanga nao tunaupika? Mimi nimekuuliza za mashine gani."

"Mashine ndogo ndogo," Dadi akasema, akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Mwingine angezitupa. Mwingine mwenye subira angejifunza kuidanganya kamera, kuiambia kwamba filamu inahitaji mwanga zaidi kuliko inavyohitaji, ili mahesabu yarudi sawa. Sista Monica mwenyewe aliwahi kumwonyesha namna. Paskalia aliona huo ni uzembe. Betri mbovu zile akazitia kwenye kopo la siagi, akaliweka kwenye rafu karibu na kopo la kahawa, akiapa kwamba siku Mkuu wa Wilaya atakapokuja dukani kwa Dadi, atazimwaga mbele yake. Siku hiyo haikuwahi kufika, lakini kopo lilikaa likiisubiri. Hivyo ndivyo dharau inavyopewa nafasi ndani ya nyumba, tena kwenye rafu nzuri.

Katika watu wote, mmoja tu Paskalia hakuthubutu kumdharau, angalau usoni. Huyo ni mama yake, Bibi Perpetua, aliyehamia kwake kutoka Mnyambe baada ya kufiwa na mume. Bibi Perpetua alibatizwa akiwa binti mkubwa, nembo za Kimakonde zimeshachanjwa usoni, mistari iliyopandana kutoka mashavuni hadi kwenye paji. Misheni walimpa jina jipya lakini uso hawakuweza kumbadilishia, naye alipenda kusema hivyo mbele ya mapadri. Hakuwahi kupigwa picha. Binti yake alipomshawishi alijibu kwamba uso wake si bango la duka.

Bibi Perpetua alikuwa na mtoto mwingine, Justin, mdogo wake Paskalia. Justin naye alisomea udresa Lulindi, na vita vilipopamba moto alivuka Ruvuma akaenda kuwafunga vidonda wapiganaji. Hakuandika barua, huko hakukuwa na posta. Habari zake zilikuja kwa mdomo wa Nikolao, mtu wa ng'ambo aliyebeba mizigo ya dawa na chumvi, akipanda Newala kila baada ya miezi kadhaa, miguu yake imepasuka na macho yake yanatazama milango.

Mwaka huo, miezi ya baridi, Nikolao alifika mchana akiwa amejifunika gunia kwa ukungu. Akaamkia, akapewa uji, akamaliza, ndipo akasema.

"Shikamoo tena, mama. Nina neno la Justin."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima, ila homa haimwachi. Amesema hivi: nileteeni sura ya mama. Anasema akilala anaanza kuzikosea nembo. Zile za mashavuni anazikumbuka, za kwenye paji zinampotea."

Bibi Perpetua aliligeuza geuza bakuli la uji lililokuwa tupu. Halafu akamwambia binti yake bila kumtazama.

"Utanipiga. Mara moja, kama nilivyobatizwa. Sitaki kukalishwa kila siku kama mwali."

Paskalia aliinuka kwenda kuitazama kamera. Miaka yote alikuwa akizipiga sura za watu ambao, kwa maoni yake, hawakustahili hata kioo, na ule uso mmoja alioutaka ulikuwa ukimkwepa jikoni. Na mdogo wake alikuwa mahali ambapo mtu anaweza kufa kabla ya mavuno, akijaribu kuukumbuka uso huo huo. Nikolao alisema atashuka mtoni keshokutwa, na safari yake ya kupanda tena haijui.

Betri iliyokuwa ndani ya kamera ilikufa wiki ile ile, lakini hilo halikumpa shida, akiba ilikuwapo. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu mmoja kuchukua karatasi za picha alizomwachia, akachelewa huko kwa kumrekebisha mwalimu namna ya kukaa. Aliporudi ukungu ulikuwa umefunguka, jua zuri, jua la kugombaniwa kwenye nyanda za juu mwezi kama ule. Alimwita mama yake palepale.

Bibi Perpetua akatoka amevaa kitenge kipya na kilemba, na hereni alizozaa nazo watoto wote. Akaketi kwenye kiti nyuma ya nyumba, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa mgongoni mwake. Paskalia akafungua kopo la kahawa, akachukua betri bila kutazama, kwa kuwa kopo lile alilijua kuliko mfuko wake. Akaitia. Akatazama kwenye tundu. Sindano ikapanda kwa ari. Akafurahi, akasema moyoni kwamba jua leo limekuja na baraka. Akabana lenzi kama sindano ilivyotaka.

"Mama, tazama hapa. Usicheke kama hutaki."

"Nani anacheka?"

Akabonyeza. Mara mama akainuka, akijifunga kitenge.

"Kaa kidogo, nipige ya pili."

"Ulisema picha. Hukusema picha mbili," Bibi Perpetua akasema, akaenda kutazama maharage yake.

Paskalia alijifungia katika stoo isiyo na dirisha, ambamo alisafishia filamu. Maji ya Newala yalikuwa ya shida, yanasukumwa kutoka bondeni na siku nyingine hayasukumwi, na yeye aliyapima kwa kikombe. Siku hiyo alimwaga ndoo nzima bila kuhesabu. Alipoinua filamu kwenye mwanga, fremu ile ya mama ilikuwa nyepesi kama kioo cha taa, na filamu nyepesi huzaa picha nyeusi. Karibu hakuna kilichoingia. Akaitolea picha hivyo hivyo, akiomba labda macho yake yamekosea. Macho yake hayakuwa yamekosea. Kilemba kilionekana vizuri. Sikio la kushoto na hereni yake vilionekana. Bega lilionekana. Uso ulikuwa giza tupu, na nembo zote, za mashavuni na za kwenye paji, zilikuwa zimezama humo.

Alifungua kamera, akaitoa betri, akaigeuza. Ilikuwa ya Dadi.

Akamwaga makopo yote mawili mezani. Zilikuwa zimechanganyika, za zebaki na za Dadi, huku na huku, na nyingine zilikuwa na vumbi jeupe katika mikunjo. Akalishika vumbi kwa kidole, akalionja. Unga wa makopa. Mtu alikuwa amezianika betri zake kwenye ungo mmoja na mihogo mikavu.

Hapo inafaa kusema kwamba Newala nzima ilianika betri. Redio ikianza kukoroma, betri zilitolewa zikawekwa juani, juu ya bati au kwenye ungo, zipate joto. Jioni redio ilisikika tena kwa taarifa ya habari, na watu wakaamini jua limezitia uhai. Paskalia alikuwa akilitukana jambo hilo kwa miaka. Wateja walikuwa wakimwigiza nyuma yake, namna anavyosema "jua halijazi betri kama maji mtungi". Lakini kwamba mtu angeianika betri ya kamera, tena ya kwake, hakuwahi kuliwaza hata katika ndoto ya homa.

Alitoka uani na ungo mkononi. Bibiana, mke wa jirani, alikuwa kinuni. Mama yake alikuwa akichambua maharage kwenye mkeka. Watu wawili watatu walikuwa wakipita njiani, na sauti ya Paskalia ikawasimamisha.

"Nani amezianika betri zangu? Bibiana, ni wewe?"

"Mimi na betri zako wapi na wapi, Mama Isabela?" Bibiana akasema, akaacha kutwanga.

"Basi ni nani? Mtu mwenye akili timamu anaanika mihogo. Anaanika dagaa. Betri anaanika nani? Mtu gani anaona vitu viwili vimetengwa kwenye makopo mawili, anavimwaga pamoja kama pumba, halafu anarudisha nusu huku na nusu kule, akajiona amefanya kazi? Huyo mtu hata ukimjengea shule mlangoni ataishia kuketi kwenye kivuli chake. Ndiyo maana tunatawaliwa na kina Dadi. Ndiyo maana tunaletewa kina January watufundishe kushika jembe, maana wameona tulivyo. Mtu wa namna hiyo akili yake imekaa kama ungo huu, inapepeta unga inabakiza chuya. Angekuwa mteja wangu ningempiga picha ya kisogo, uso hana wa kumfaa mtu."

Aliendelea. Alikuwa na kipaji, na waliosimama njiani walikuwa wameshaanza kutabasamu, maana hakuna burudani kama matusi yanayomhusu mtu mwingine. Bibi Perpetua alichambua maharage, akitoa vijiwe na kuviweka pembeni, mpaka binti yake alipotua kuvuta pumzi.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza, mama. Huyu mtu amenichomea..."

"Maliza, basi."

Paskalia akamtazama mama yake, akauweka ungo kwenye mkeka.

"Ni mimi," Bibi Perpetua akasema. "Redio ilikuwa inakohoa, nikaanika zake. Nikaziona na zako zimekaa kwenye makopo, na baridi hii. Nikasema leo ni siku ya picha ya Justin, nazo zipate joto. Zilipendeza kwenye jua. Sikujua kwamba zina makabila."

Njiani hakuna aliyecheka. Bibiana alianza kutwanga tena, polepole, ili pawe na sauti nyingine.

Hapo ndipo mwanadamu mwingine angepiga magoti. Ilikuwa rahisi; mkeka ulikuwa pale. Paskalia alihisi aibu ikimpanda shingoni mpaka masikioni, na aibu ile hakuipa njia nyingine ila ile aliyoizoea.

"Ungeuliza," alisema. "Mama, ungeuliza tu. Haya, jua bado lipo. Nizitenge betri, ukae pale, nipige tena."

"Nilisema mara moja."

"Mara ile haikutoka."

"Umesema mtu huyo uso hana wa kumfaa mtu," Bibi Perpetua akasema. Hakuinua sauti. "Umesema mbele ya Bibiana na mbele ya wapita njia. Sasa uso usiofaa mtu unataka kumpelekea mwanangu wa nini?"

Akayakusanya maharage yake kwenye ungo ule ule, akaingia ndani.

Paskalia alizitenga betri. Alizigeuza moja moja, za zebaki huku, za Dadi kule, akazifuta unga kwa kitambaa, na safari hii alizichagua kama mtu anayechagua mbegu. Zile za zebaki hazikuwa zimeharibika. Jua la baridi halikuwa na ukali huo. Akatia moja kwenye kamera, akaielekeza kwenye kiti kitupu ukutani. Sindano ikapanda kiasi chake, ikatulia. Ilikuwa sahihi kabisa. Alikaa na kamera ile sahihi mpaka ukungu ukarudi, na kiti hakikukaliwa.

Asubuhi Nikolao alikuja, mzigo tayari begani. Aliikuta picha mezani, akaichukua, akasogea nayo mlangoni.

"Mbona ndiye yeye," alisema. "Kilemba chake hiki. Na sikio."

"Hiyo si picha," Paskalia akasema. "Ni kosa. Irudishe."

"Mpe," Bibi Perpetua akasema kutoka jikoni. "Aende nayo."

"Mama, hii hapana. Kazi mbovu haitoki mkononi mwangu. Justin amesomea Lulindi, atajua. Wenzake wataiona, watauliza dada yako huko Newala anapiga picha kwa kibuyu? Kaa dakika moja tu, Nikolao atasubiri."

Nikolao alisubiri. Jikoni Bibi Perpetua aliendelea kuchochea moto. Nikolao alimtazama Paskalia, akautazama mlango wa jikoni, akatazama jua, maana njia ya kuteremkia bondeni haikumtaka mtu achelewe. Mwishowe Paskalia alimnyang'anya ile picha kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akachukua mkasi wa kukatia karatasi na kuikata mara mbili. Hakutaka hata kishawishi kibaki nyumbani. Nikolao akafungiwa makopa na korosho za kumpelekea Justin, akaaga, akashuka.

Siku zilizofuata Paskalia alijuta, na asikudanganye mtu kwamba hakujuta. Alimchotea mama yake maji kabla hajaombwa, alimnunulia betri mpya za redio, alimpikia ugali wa mtama ambao mama aliupenda. Alifanya kila kitu isipokuwa kusema neno lenyewe, akingoja mama aanze, na mama hakuanza. Dukani kwa Dadi hakumwaga betri wala hakutukana; alizitupa chooni kimyakimya, na Dadi akaja kuuliza kama Mama Isabela anaumwa. Mara kwa mara, jua likiwa zuri, alikitoa kile kiti uani kama vile kinahitaji kuanikwa, akakiacha pale. Bibi Perpetua alikizunguka akipita.

Nikolao alirudi mvua za kwanza, mabibo yamekwisha kuanguka. Hakuwa na mzigo. Aliamkia, na alipoitikiwa hakuuliza habari za nyumbani, kwa hiyo wakajua kabla hajasema. Justin alikufa kambini, karibu na kijito, kwa homa ile ile. Walimzika wenzake. Alikuwa amewafunga watu vidonda mpaka juzi yake.

Bibi Perpetua alikaa chini mahali alipokuwa amesimama. Bibiana alikuja, na wanawake wengine wakaja, wakalia kama inavyopasa. Walipotulia, Bibi Perpetua alimwita Nikolao akae karibu.

"Korosho alizipata?"

"Alizipata, mama. Alikula kidogo, nyingine akawagawia wagonjwa."

"Aliuliza nini?"

Nikolao alimtazama Paskalia kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, na Paskalia hakuwa na uso wa kuikataza.

"Aliuliza picha," Nikolao akasema. "Nikamwambia ilitoka nyeusi, dada akaikata. Akacheka. Akasema huyo ndiye dada yangu. Halafu akaniuliza, kilemba kilionekana? Nikasema kilionekana. Akaniuliza, na sikio? Nikasema, na sikio, na hereni. Akafumba macho, nikadhani amelala. Akasema, basi ungeniletea."

Bibi Perpetua hakumgeukia binti yake. Alimshika Nikolao mkono, akamwomba aseme tena tangu mwanzo, taratibu, na Nikolao akasema tena, kilemba, sikio, hereni, mpaka kwenye yale maneno ya mwisho.